Age of Empires II iliyosukwa upya au Age of Empires IV: shabiki wa gemu za mkakati achukue ipi?

Kampuni ikidokeza tu kwamba inarudi kwenye gemu ya zamani ya mkakati, mashabiki hugawanyika papo hapo. Kuna wanaotaka muendelezo, wenye namba mpya kwenye jalada na kanuni mpya ndani. Na kuna wanaotaka ile ile waliyoizoea, ila isukwe upya ili ifunguke kwenye kompyuta ya leo bila kukwama. Ubishi huu huwa hauishi kwa sababu pande zote mbili zinabishania kitu ambacho bado hakijatengenezwa.

Kwa Age of Empires hatuna haja ya kukisia, maana Microsoft ilitoa vyote viwili. Age of Empires II: Definitive Edition ilitoka tarehe 14 Novemba 2019, na Age of Empires IV ikafuata tarehe 28 Oktoba 2021. Mwenye mali ni mmoja, jina ni moja, zote zinahusu Zama za Kati, na zimepishana kwa miaka isiyofika miwili. Sijui kipimo kingine cha haki kama hiki cha kujibu swali la mashabiki wanataka nini.

Niseme msimamo wangu mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Kwenye gemu za mkakati, kusuka upya kuje kwanza, muendelezo baadaye. Gemu ya hadithi ukiimaliza unatamani hadithi nyingine. Gemu ya mkakati haimaliziki hivyo. Anachokusanya mchezaji kwa miaka ni ujuzi wake, kuanzia ni lini apandishe zama, yaani ngazi ya maendeleo ya taifa lake, na kikosi gani kinamzuia kipi, hadi mkono kujua njia ya mkato kwenye kibodi kabla akili haijafikiri. Muendelezo unamwambia aanze upya, na toleo lililosukwa upya linamrudishia alichokuwa nacho. Mcheza bao hadai kanuni mpya za bao. Anataka ubao usiopasuka na kete zilizotimia.

Gemu ya asili, The Age of Kings, ilitengenezwa na Ensemble Studios ya Dallas, Texas, ikatoka mwaka 1999 ikiwa na mataifa 13. Mwaka 2000 nyongeza ya The Conquerors ikaleta mengine 5. Ensemble ilifungwa Januari 2009, na kwa gemu nyingi hapo ndipo mambo yangeishia. Lakini wachezaji hawakuondoka. Kundi la mashabiki lilijitengenezea nyongeza yao, Forgotten Empires, na Microsoft ilipoirudisha gemu kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni, mwaka 2013 kwa jina la HD Edition, kazi ya mashabiki hao ikapokelewa kuwa nyongeza rasmi. Ndio hao waliokuja kushika usukani wa toleo la 2019. Kwangu hilo lina uzito kuliko michoro yote mipya, kwa sababu walioifumua gemu na kuisuka tena walikuwa watu walioicheza mpaka wakajua panapouma ni wapi.

Tazama shamba, kitu kidogo kabisa. Mwaka 1999 shamba likiisha chakula lilibaki tupu, na mkulima akasimama pale hana la kufanya mpaka umwone na kumjengea lingine kwa mbao 60. Uko vitani, wapanda farasi wako wanachomwa mikuki, na huku nyumbani nusu ya wakulima wamesimama tu. The Conquerors ilileta nafuu kidogo: unalipia mashamba ya akiba mapema kwenye kinu. Toleo la 2019 likamaliza kazi. Unabofya mara moja, na tangu hapo shamba linapandwa lenyewe kila likiisha, mradi mbao zipo ghalani. Shamba bado linagharimu mbao. Bado ni wewe unayeamua uwe na wakulima wangapi na mbao ngapi ziende kwenye mashamba badala ya pinde. Kero ikaondoka, uamuzi ukabaki kwa mchezaji.

Nguruwe pori anayewindwa kwa chakula naye hakuguswa. Mwanakijiji anampiga mshale, anageuka, anakimbilia makao makuu ya mji nguruwe akimfuata, na wenzake waliokuwa wakichinja kondoo wanampokea kwa mishale. Ukichelewa kidogo umepoteza mtu mwanzoni kabisa mwa mchezo, na pengo lake utalihisi hadi unapopanda Zama za Kasri. Aliyejifunza ufundi huo kwenye kompyuta za intaneti kafe miaka ya 2000 aliukuta ulivyo mwaka 2019. Aliongezewa tu idadi ya wafanyakazi wa kila kazi juu ya skrini, mpelelezi anayeweza kuzunguka ramani mwenyewe, na kompyuta pinzani inayocheza vizuri pasipo kupewa mali za bure. Wa zamani walikuwa na kompyuta iliyopewa mali kwa siri kwenye kiwango kigumu, na aliyewahi kushindwa nayo anajua hasira yake.

Toleo hilo lina kasoro zake, na si ndogo. Kikosi kikubwa kikipita kwenye upenyo mwembamba wa ukuta, askari hugongana na kuzunguka kama hawajui waendako; wachezaji wamelilalamikia hili kwa miaka. Halafu mataifa sasa yamezidi 40, na mengi yanafanana mno. Yanatumia orodha moja ya majengo na vikosi, tofauti ikiwa ni kipi kimefutwa, punguzo la bei hapa na pale, na kikosi kimoja au viwili vya pekee. Mgeni akifungua orodha hiyo kwa mara ya kwanza hachagui, anaokota.

Hapo ndipo Age of Empires IV inapopata nguvu. Relic Entertainment ya Vancouver, wakifanya kazi na World's Edge, studio ya Microsoft, walianza na mataifa 8 tu, ila kila moja likiwa na namna yake ya kuishi. Wamongolia hawajengi kuta za mawe. Wanakunja majengo yao na kuyahamisha yakiwa juu ya mikokoteni, mji mzima unaondoka. Warusi wanapata dhahabu kwa kuwinda wanyama, kwa hiyo dakika zao za kwanza ni za msituni. Usultani wa Delhi unafanya utafiti bila kulipia, lakini polepole mno, mpaka uwe na wanazuoni wa kuuharakisha. Ukicheza na Wamongolia leo na Waingereza kesho, umecheza gemu mbili.

Kupanda zama nako kumebadilishwa. Kwenye II unalipa, unasubiri, umepanda. Kwenye IV mataifa mengi yanapanda kwa kujenga mojawapo ya majengo makuu mawili, na utakalolichagua linaamua utacheza vipi baadaye. Lile uliloliacha limepotea kwa mchezo huo. Napenda sana kanuni hii. Inalazimisha uamuzi mzito mapema, na mpinzani akipeleleza vizuri anauona uamuzi wako umesimama pale uwanjani. Kisha askari wanaweza kupanda juu ya kuta za mawe na kupigana wakiwa huko, na vikosi vinajificha vichakani kuvizia. Mambo haya mashabiki waliyaomba tangu 1999, na injini ya zamani isingeyaweza.

Njia ya haraka ya kuona tofauti ni kucheza na Wamali, maana wamo kwenye zote mbili. Kwenye II majengo yao yanatumia mbao pungufu kwa asilimia 15, askari wao wa miguu wanahimili mishale zaidi, na wana Gbeto, mwanamke mpiganaji anayerusha visu. Ni taifa zuri, ila msingi wake ni ule ule wa kila mtu: kondoo, nguruwe, mbao, mashamba. Kwenye IV, walikoingia bure Oktoba 2022 pamoja na Waothmani, Wamali wanachimba mashimo ya dhahabu yanayoingiza mapato bila mwanakijiji kushika sururu, na nyumba zikijengwa jirani mapato yanaongezeka. Wana ng'ombe, wana Musofadi, wapiganaji wanawake wanaojua kuvizia. Unahisi umepewa dola ya wafanyabiashara wa dhahabu. Kwa taifa hili moja, IV imefanya kazi bora, na anayetaka kuona Afrika ya Zama za Kati ikitendewa haki ndani ya kanuni zenyewe za mchezo aanzie hapo.

Kwa upande wa kampeni, yaani mfululizo wa mapambano yenye hadithi unayocheza peke yako, mambo yanageuka. IV ilikuja na kampeni nne: Wanormani, Vita vya Miaka Mia, Himaya ya Wamongolia na kuinuka kwa Moscow. Katikati ya mapambano unaonyeshwa filamu fupi zilizopigwa kwenye maeneo halisi kama yalivyo leo, na juu ya mandhari hayo majeshi ya zamani yamechorwa kwa rangi ya dhahabu yakipita. Ni kazi ya kupendeza, na mwalimu wa historia anaweza kuionyesha darasani bila kusita. Ila ni nne tu mwanzoni, na mtazamo wake ni wa msimuliaji aliye mbali. II imerithi kampeni za miaka ishirini, nyingi mno hata sithubutu kuziorodhesha: Joan wa Arc, Saladin, Barbarossa, na kutoka nyongeza ya The African Kingdoms ya 2015, Sundjata wa Mali na Yodit wa Ethiopia.

Nyongeza hiyo hiyo ina kampeni ya Francisco de Almeida, na hapa msomaji wa pwani atakaa vizuri kwenye kiti. Almeida ndiye Mreno aliyeiteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505 akiwa njiani kwenda India, na kampeni inafika huku kwetu. Unacheza upande wa Wareno. Nakiri inauma kuongoza merikebu zile, lakini miji ya Waswahili imo ramani ikiwa miji yenye utajiri na ulinzi, na hilo si jambo ambalo gemu kubwa zimelizoea. Taifa la Waswahili lenyewe halijapewa nafasi kwenye II wala IV. Kilwa iliyosarifu dhahabu ya Sofala, ikapiga sarafu zake na kujenga Husuni Kubwa kwa matumbawe, ina kila kinachohitajika: majahazi, biashara ya misimu ya pepo, kuta za mawe. Kwa kanuni za IV ingekuwa taifa la kipekee kabisa. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote ninayoweza kuwapa wanaotaka muendelezo, na ninaitoa kwa moyo mmoja ingawa mimi ni wa kambi ya pili.

Tuje kwenye mashine na pesa, kwa sababu kwa wengi wetu hapa ndipo uamuzi unapofanyika. II inaridhika na RAM ya GB 4 na prosesa ya kizazi cha Core 2 Duo, ikichukua kama GB 30 za diski. IV inataka RAM ya GB 8 kwa uchache na nafasi ya GB 50. Zilipotoka, II iliuzwa dola 19.99 na IV dola 59.99, na zote huwekwa kwenye punguzo mara kwa mara. Kwa anayepakua kwa bando la simu, tofauti ya GB 20 ni pesa taslimu. Kwenye II kuna pakiti ya michoro mikali zaidi inayopakuliwa kando, bure; mwenye laptopu ya kawaida aiache, haibadilishi chochote cha mchezo. Jambo moja la kujua mapema: II huipima kompyuta yako kabla ya kukuruhusu kuingia mechi za madaraja mtandaoni, zile zinazokupangia wapinzani kwa kiwango chako, na mashine dhaifu mno hukataliwa, kwa kuwa mechi nzima hutembea kwa kasi ya kompyuta iliyo polepole kuliko zote. Kwa kampeni na mechi dhidi ya kompyuta hakuna kizuizi hicho.

Wachezaji wenyewe wamesema nini? Siku zake za kwanza IV ilivuta zaidi ya watu 70,000 kwa wakati mmoja kwenye Steam, idadi ambayo II haikuwa nayo ilipozinduliwa. Kisha wengi wakaondoka. Ilitoka bila mechi za madaraja, zikaja 2022. Wengine walichoshwa na kamera iliyokaribia ardhi mno. Imerekebishwa sana tangu hapo na leo ni gemu iliyokomaa. Hata hivyo kwa siku za kawaida, gemu yenye mifupa ya 1999 ndiyo imekuwa na wachezaji wengi zaidi kwenye Steam kuliko mdogo wake. Fainali za mashindano ya Red Bull Wololo zilipofanyika ndani ya ngome ya Heidelberg, Ujerumani, Oktoba 2022, zote mbili zilikuwa jukwaani, na ukweli kwamba ya zamani ilistahili nafasi hiyo miaka 23 baada ya kuzaliwa unaniambia mengi kuhusu wanachokitaka mashabiki.

Lakini kusuka upya kukifanywa ovyo ni balaa kuliko muendelezo mbovu. Blizzard ilitoa Warcraft III: Reforged Januari 2020. Mandhari za kampeni zilizoonyeshwa kwenye BlizzCon 2018, mkutano wa kampuni hiyo na mashabiki wake, hazikuja zilivyoahidiwa, na baya zaidi, waliokuwa na Warcraft III ya zamani walijikuta programu yao imebadilishwa kwa lazima, na mambo waliyokuwa nayo kama vile mechi za madaraja hayamo tena. Kampuni ikalazimika kurudisha pesa kwa waliodai. Muendelezo mbovu unaweza kuupuuza ukarudi kwenye ya zamani. Pale hapakuwa na pa kurudi, na ndiyo maana hasira ilikuwa kubwa vile.

Miezi michache baadaye, Juni 2020, EA ikatoa Command & Conquer Remastered Collection. Ilitengenezwa na Petroglyph, studio yenye watu waliokuwa Westwood, studio ya asili, wakati gemu hizo zinazaliwa, mtunzi wa muziki Frank Klepacki akiwemo. Kwenye mechi za peke yako unabonyeza kitufe kirefu cha nafasi na picha inarukia michoro ya 1995, ukibonyeza tena inarudi mipya. EA ikafungua pia msimbo wa sehemu muhimu za gemu ili mashabiki waendelee kuzijenga. Hao walielewa kwamba gemu ya zamani ina wenyewe tayari. Kwa waendelezo mifano ya kuvunja moyo ni mingi. Homeworld 3 ya Mei 2024 ilisubiriwa zaidi ya miaka 20, na hadithi yake ikawakasirisha hasa wale walioisubiri.

Kwa hiyo nani achukue ipi. Kama uliwahi kucheza II, hata utotoni, hata nakala iliyokuwa inakwama, chukua Definitive Edition bila kuwaza mara mbili. Vivyo hivyo kama laptopu yako ni ya kazi za ofisi, kama bando ni la kuhesabu, au kama unapenda kampeni kuliko mechi za mtandaoni.

Kama hujawahi kugusa gemu ya mkakati na kompyuta inaweza, nenda IV. Mataifa machache yenye sura zilizo wazi yanafundisha haraka, na huna ujuzi wa zamani wa kuulilia. Nenda IV pia kama umecheza II mpaka ukajikuta unafungua kila mechi kwa hatua zile zile bila kufikiri. Majengo makuu na miji inayohama vitakuamsha. Na kama mnacheza wawili wawili, mmoja mkongwe na mwingine mgeni, mimi ningechagua IV, kwa sababu kwenye II mkongwe atashinda kila siku na mgeni atachoka kabla ya mwezi kuisha.

Anayetaka kitu cha katikati atazame Age of Mythology: Retold ya Septemba 2024. Gemu ya 2002 ilijengwa upya kwa michoro ya leo, na baadhi ya kanuni zikarekebishwa bila woga, kwa mfano nguvu za miungu ambazo zamani ulizitumia mara moja tu sasa unaweza kuzirudia kwa kulipia.

Yoyote utakayoichukua kati ya II na IV, pitia kwanza mazoezi ya Art of War yaliyomo ndani kabla ya kutafuta mechi mtandaoni. Kwenye II hasa, usishangae ukipoteza mechi zako za mwanzo kwa mpigo. Mfumo unatafuta daraja lako, na ukishalipata utaanza kupangiwa watu wa kiwango chako.